Punguza Tu, Usimalize

Je, kinyozi wako hukuuliza kwanza, au hushika tu mkasi akaanza? Wako wanaouliza kwa mazoea, huku mashine imeshaanza kunguruma nyuma ya sikio. Kinyozi wa duka lililotazamana na Jumba la Mikutano hakuwa hivyo. Alimkalisha mteja, akamfunga shuka jeupe shingoni, kisha akasimama nyuma ya kiti, mikono ameishusha, akauliza, "Nikufanyieje?" Asipojibiwa kwa maneno kamili hakugusa hata unywele mmoja. Ungeweza kukaa pale mpaka shuka likakunjamana.

Tabia hiyo ilikuwa na chanzo. Alipokuwa bado kijana wa mkono mwepesi, alimnyoa bwana harusi masharubu asubuhi ya harusi bila kumwuliza. Mwanamume yule alipofika ukweni walikataa kumfungulia mlango, wakasema huyu siye tuliyemkubali. Harusi ikangoja majuma matano masharubu yaote. Tangu siku ile kinyozi aliapa kwamba kila atakayekaa kwenye kiti chake atasema mwenyewe, kwa kinywa chake, anachotaka.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja kando ya barabara kuu. Lilikuwa na viti viwili vya kuzunguka, kimoja kilichozunguka na kingine kilichokwisha choka. Kioo kilikuwa kirefu, kina ufa kwenye kona, na ufa ule ulifunikwa kwa picha ya mitindo ya nywele ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiomba. Chini ya kioo kulikuwa na kaunta ya ubao mmoja wa mvule, mpana, mweusi kwa mafuta ya nywele na kwa alama za vikombe vya chai. Karibu na mlango, juu ya kigoda, alikaa mama yake kinyozi, mwanamke wa miaka themanini na ushei, akikunja taulo. Alizikunja mara tatu kwa urefu na mara moja kwa upana. Wewe ukizikunja vinginevyo, alizikunjua mbele ya macho yako akaanza upya, wala hakukusema.

Mdogo wake kinyozi alikuwa Naibu Mkurugenzi wa Misitu. Siku alipopata cheo walianza kumwita Naibu kwa utani, na utani ukakaa, hata mama yake akawa hamwiti vingine. Kazi yake kubwa ilikuwa kutia sahihi vibali vya kukata miti. Kila Jumatatu asubuhi alipita dukani kwa kaka yake.

"Nikufanyieje?"

"Kama kawaida."

"Kawaida ipi?"

"Hiyo hiyo unayoijua, kaka."

Walivutana hivyo mpaka Naibu akatazama saa, na kinyozi, kwa kuwa undugu ni undugu, akamwonea huruma akampunguza pembeni. Katika miaka thelathini ya duka lile, huyo ndiye mteja pekee aliyenyolewa bila kujibu.

Na hakuanzia ukubwani. Alipokuwa na miaka saba, walipokuwa bado wanakaa mlimani nyuma ya mji, alipanda mvule uliokuwa nyuma ya nyumba yao akakaa juu tangu asubuhi mpaka jua likaanza kuegemea. Mama yake alisimama chini akimwuliza, "Unataka nini, baba? Una njaa? Umepigwa?" Mtoto hakujibu. Mwisho baba yao, aliyekuwa mpasua mbao, alileta ngazi akamshusha kama anavyoshushwa paka. Juma lile lile mvule uliangushwa, kwa sababu ulikuwa umeshapata mnunuzi, na ubao mmoja uliobaki ndio huo uliokuja kuwa kaunta. Kwa miaka hamsini na mmoja mama alikuwa akiuliza, si kila siku, ila mara moja moja, taulo likiwa mkononi: "Hivi siku ile kule juu, ulikuwa unataka nini?" Naibu alicheka, au alisema amesahau, au alisifu chai.

Mlima ulikuwepo bado, ila ulikuwa umebaki nusu. Upande wa magharibi ulikuwa umeparwa kama samaki. Upande wa mashariki ulikuwa na msitu, na ndani ya msitu mlikuwa na chemchemi ambayo maji yake yalishuka kwa bomba mpaka uani kwa kinyozi. Mama alikuwa ameyanywa tangu kuolewa kwake na aliyajua kwa ulimi. Ukimletea mengine aliyarudisha. Tangu mwezi uliopita, faili la upande ule wa mashariki lilikuwa mezani kwa Naibu likingoja sahihi yake. Alilitaja mwenyewe siku moja, akiwa anakoroga chai. Mama alisema kwamba chemchemi ikikauka yeye hatahamia kwa mtu, atakaa na kiu yake papo hapo. Alisema mara moja tu. Hakuwa mtu wa kurudia jambo, isipokuwa lile swali la mvule.

Basi, Jumatatu moja, wajumbe wa nchi thelathini na mbili walikusanyika katika Jumba la Mikutano kutia sahihi Tamko la Hiari la Kusimamisha Ukataji wa Misitu. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa safarini, kwenye mkutano mwingine wa jambo lile lile, kwa hiyo Naibu alisaini kwa niaba ya wenyeji. Asubuhi ile, akinyolewa, alimsomea mama yake kipande cha Tamko. Kilisema kwamba nchi zote, kwa hiari yao, na kwa kadiri hali itakavyoruhusu, zitajitahidi kuelekea kusimamisha ukataji wa misitu. Kulikuwa na mwaka pale mwisho. Mama aliuliza kama huo ndio mwaka uliotajwa kwenye Tamko lililopita. Naibu akasema hapana, ule ulikwisha pita, huu umesogezwa. Mama akasema ndiyo, hata yeye husogeza kigoda jua likimfikia.

"Na asiyetimiza anafanywa nini?" akauliza.

"Hafanywi kitu, mama. Ni hiari. Ndiyo maana wote wamekubali."

Sahihi zilitiwa saa tano kamili. Saa sita kasorobo, wakati wa chai, jani la kwanza lilitokea nyuma ya sikio la mjumbe mmoja mnene aliyekuwa anamsimulia mwenzake habari za wajukuu zake. Alilipangusa akidhani limeanguka kutoka kwenye vyombo vya maua. Halikupanguka. Ilipofika saa saba wajumbe thelathini na mmoja walikuwa wamechipua, wengine utosini, wengine kwenye paji la uso, na mmoja nyusi zote mbili. Chakula cha mchana kiliendelea kwa sababu kilikuwa kimeshapakuliwa. Mtu alimwomba mwenzake asogee kidogo, jani lake linaingia kwenye mchuzi, na mwenzake akasogea.

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Bwana Itifaki, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila mgeni yuko mahali pake kwa wakati wake, alifika dukani na karatasi mkononi. Alieleza kwamba wageni wanachipua, na kwamba picha ya pamoja ni Jumatano saa tano, kwa hiyo anaomba duka lifunguliwe mapema. Kinyozi alitaka kujua kama ni majani laini au yana vikonyo vigumu, maana vifaa ni tofauti. Bwana Itifaki akasema ni mchanganyiko. Kinyozi alivuka barabara, akaazima mkasi wa maua kwa mtunza bustani wa Jumba, na msumeno mdogo wa kupogolea, akavisugua kwa spiriti. Ratiba ya mkutano ilichapwa upya. Kati ya kifungua kinywa na hotuba za asubuhi kuliongezwa mstari mmoja: kupunguzwa majani, mkabala na lango kuu.

Foleni ilifika mpaka kwenye nguzo ya taa. Kila aliyekaa alifungwa shuka, na kila mmoja aliulizwa. Walijibu kwa lugha zao, mkalimani akafasiri, na majibu yote yalikuwa ya jamaa moja: "Punguza tu, usimalize." Kinyozi alisema hajapata kuona watu wengi hivyo wenye mtindo mmoja. Mjumbe mmoja aliomba apunguzwe kwa theluthi moja, kuanzia mwaka kesho. Kinyozi akamjibu kwa upole kwamba mwaka kesho hajui foleni itakuwaje, hivyo achague, anyolewe sasa au ampishe mwenzake. Mwingine alipendekeza kwanza iundwe kamati ndogo ya kushughulikia nyuma ya sikio. Wa tatu alisema atakuwa tayari kupunguzwa iwapo jirani yake wa kushoto atapunguzwa kwanza, na jirani yake wa kushoto alikuwa amesema hivyo hivyo kuhusu yeye. Kinyozi aliwakalisha pamoja, viti viwili, akawa anakata huku moja, kule moja.

"Bandu bandu huisha gogo," alisema mama kutoka kigodani.

Mkalimani aliuliza kama hilo nalo lifasiriwe. Mama akasema hapana, hayo ni ya nyumbani.

Mume wake alikuwa mpasua mbao kwa miaka arobaini, kwa hiyo mama aliijua miti kama unavyojua wajomba zako. Alichota majani kutoka kwenye shuka, akayafikicha, akayanusa, akatoa jibu. Huyu ni mninga. Huyu mkangazi, tena wa bondeni. Huyu ni mti wa mbali, siujui, ila unanukia vizuri. Na majani ya huyo aliyatia kwenye droo ya taulo. Wajumbe walifurahi kuambiwa walivyo. Wengine waliandika.

Kulikuwa na mjumbe mmoja kutoka nchi ya baridi, mtu mrefu, mwenye adabu nyingi, aliyesema asante hata alipokanyagwa. Nchi yake ilikuwa imeacha kukata miti yake tangu zamani; misonobari yao ilisimama kama askari, na aliionesha picha yao kwa yeyote aliyeketi karibu. Alikuwa na hakika kwamba kama lazima achipue basi atachipua msonobari. Mama alinusa jani lake mara mbili, si kwa kutokuwa na hakika, bali kwa heshima.

"Mwambie huyu bwana," alimwambia mkalimani, "kichwani ana mti wa kwetu. Mvule. Wa mlimani kabisa."

Mkalimani akafasiri. Mjumbe alifikiri kidogo, akasema inawezekana, kwa kuwa sakafu ya nyumbani kwake ni ya mvule, na milango pia, na ngazi, na meza ya ofisini. Akasema asante.

Mmoja tu hakuchipua. Alikuwa mama wa makamo kutoka nchi ndogo ya kisiwani, mwenye mkoba wa ukili na viatu vya kutembelea. Siku ya kwanza walidhani kalamu yake haikutoa wino, wakamwomba asaini tena. Alisaini tena. Hakikutoka kitu. Daktari wa mkutano alimpima shinikizo la damu akalikuta zuri. Alieleza kwamba kwao waliacha kukata miti mwaka wa tisa huu, kabla hawajaombwa na mtu, kwa hiyo labda ndiyo sababu. Wenzake walimwonea huruma. Bwana Itifaki, asipendaye picha isiyolingana, alimbandikia jani moja kwa pini ya nywele. Naye hakukataa, alikuwa mtu wa kuitikia mambo madogo.

Sasa, zamu ya Naibu ilipofika, alikaa kwenye kile kiti kilichochoka, na katika kile kinachozunguka alikuwa bado yupo yule bwana wa nchi ya baridi. Hapo ndipo kinyozi alipogundua jambo. Lori lilipita barabarani likitoka mlimani, limebeba magogo matano yaliyofungwa kwa mnyororo, kibali kimebandikwa kwenye kioo cha mbele kama inavyotakiwa. Lilipokuwa linapita, kichwani kwa Naibu yalifunguka majani matano mapya, yakitoa sauti ndogo kama ya mtu anayefungua bahasha. Kichwani kwa yule bwana mrefu yalifunguka matano pia. Walitazamana kwenye kioo kama watu wawili waliokohoa kwa pamoja, kisha kila mmoja akatazama kwake.

Lori la pili lilikuwa na magogo saba. Majani saba, na saba.

"Hayo ni ya barabarani," alisema kinyozi, kwa sauti ile ile ambayo angemwambia mtu ana mba.

Naibu aliuliza kama kufunga mlango kungesaidia. Walifunga. Lori la tatu likapita, majani yakaja vilevile, na joto likazidi. Walifungua.

"Malori hayo yanatoka upande gani?" akauliza mama.

"Magharibi," alisema Naibu. "Mashariki bado."

"Bado," alirudia mama, akiweka taulo juu ya taulo nyingine. "Bado ni mtu mwenye miguu."

Kinyozi alimwuliza mdogo wake amfanyieje. Naibu akasema kama kawaida. Kinyozi akangoja, Naibu akatazama saa, na mkasi wa maua ukafanya kazi yake.

Takataka za kazi ile zilijaza magunia manne. Mama alimtuma mpangaji wa uani akachomeke vikonyo ishirini ardhini, akavimwagilia kwa mkono wake kwa yale maji ya chemchemi. Kufikia adhuhuri vyote vilikuwa vimekauka, kwa kuwa mizizi yake ilikuwa imerudi mkutanoni, vichwani mwa wenyewe. Majani yaliyobaki yalipelekwa kwa mbuzi wa jirani, mbuzi anayejulikana mtaa mzima kwa kula sabuni. Aliyanusa, akamtazama aliyeyaleta, akaenda zake.

Mchana wa Jumanne, huko Jumbani, mambo yalikwenda vizuri sana. Mjumbe mmoja alisimama akasema kwamba haipendezi kukutana siku tatu na kuondoka bila hesabu ya maendeleo, na maendeleo yenyewe yameota hapa hapa mbele ya macho ya wote. Ibara mpya iliongezwa, ya saba, isemayo kwamba miti iliyoota vichwani mwa wajumbe itahesabiwa kuwa miti iliyopandwa. Wote walipiga makofi. Bwana Itifaki alikuja dukani na penseli, akahesabu kutoka kwenye orodha ya wateja: thelathini na mmoja. Lile jani la pini lilijadiliwa kwa muda wa saa moja, na mwishowe likaingizwa kama mti ulio njiani. Mama wa kisiwani alinyoosha mkono, akaomba kusema kwamba kwao iko miti mingi iliyosimama ardhini, kama inafaa. Mwenyekiti alimshukuru, akasema hiyo haiko kwenye ajenda.

Jumatano asubuhi wote walipunguzwa tena, upesi upesi, pembeni na juu, wakavuka barabara wakinukia spiriti na majani mabichi. Naibu hakuonekana. Saa tatu haikumleta, wala saa tatu na nusu. Alifika saa nne, na ilibidi ainame mlangoni.

Si majani tena. Ulikuwa mche wa mvule, umesimama wima utosini, shina unene wa kidole gumba, matawi matatu, na juu yake kijani kingi kilichogusa balbu ya dukani ikaanza kubembea. Wateja wawili waliokuwa wanangoja walisogea ili apite, mmoja akamwambia pole, mwingine akaangalia kama pana kivuli cha kutosha kusomea gazeti, akakuta kipo.

Naibu alieleza mwenyewe, kabla hajaulizwa. Alikuwa amepitia ofisini. Faili la mashariki lilikuwa na sahihi tisa za waliomtangulia na nafasi moja tupu, na nafasi tupu huwasha jicho kama pengo la jino. Kila aliye juu yake alikuwa ameshasema ndiyo. Kila aliye chini yake alikuwa ameshawasha injini. Yeye alikuwa kalamu tu. Kidole chake cha kati kilikuwa na wino wa buluu, nao bado mbichi.

Mama aliacha kukunja taulo. Bomba la uani lilikuwa wazi, na maji yalisikika yakianguka ndooni, kwa nguvu ile ile ya siku zote. Maji hayajui habari za ofisini.

Yaliyofuata baadaye yanajulikana, na ni vizuri yasemwe hapa yaishe. Mti ule haukukatwa. Naibu alikwenda kwenye picha ya pamoja nao, akawekwa safu ya nyuma katikati, na picha ikatoka nzuri kuliko zote zilizotangulia. Taarifa ya mwaka ilimtaja: miti thelathini na mmoja, kati ya hiyo mmoja unaendelea vizuri sana. Ofisini kwake watu walizoea kukaa upande wake saa za jua kali, na feni ya chumba kile ikahamishiwa masjala. Ndege wawili walijenga, wakaangua, wakahama. Kwa kuwa alikuwa akigonga kichwa kila aingiapo, idara iliamua kumwongezea mlango kwenda juu, na fremu mpya ilitengenezwa kwa mvule mzuri kutoka mlimani, upande wa mashariki. Kibali chake kilisainiwa na yeye. Maji ya uani yalianza kuja mara mbili kwa juma, kisha mara moja, na siku ya maji mama hujaza mitungi sita, akaipanga nyuma ya mlango, akaifunika kwa taulo zilizokunjwa mara tatu kwa urefu na mara moja kwa upana. Anakunywa kwa kikombe kidogo siku hizi. Anasema kinatosha. Na Naibu huja kila jioni kukaa naye, na wakikaa nje haihitajiki mwamvuli.

Lakini Jumatano ile, saa nne na dakika kumi, hakuna aliyejua hayo. Bwana Itifaki alikuwa mlangoni akisema zimebaki dakika hamsini, na kwamba kwa maoni yake shina likatwe chini kabisa, litafunikwa na kofia. Kinyozi alimfunga mdogo wake shuka jeupe. Alichukua ule msumeno mdogo wa kupogolea, akaufuta kwa spiriti, akaukagua meno. Kisha akasimama nyuma ya kiti, mikono ameishusha.

"Nikufanyieje?"

"Kama kawaida," alisema Naibu.

Kinyozi hakusogea. Naibu alitazama saa. Kinyozi aliiona ile saa ikitazamwa, akaachana nayo. Siku hiyo hakuwa na huruma ya kugawa.

"Itifaki ameshasema, kaka. Mkate."

"Itifaki hajakaa kwenye kiti," alisema kinyozi.

Lori lilipita. Lilikuwa jipya, na lilitoka upande mwingine wa barabara, ule ambao malori hayakuwa yakitokea. Magogo manane. Kichwani kwa Naibu majani manane yalifunguka, moja baada ya jingine, na duka zima lilingoja mpaka la mwisho likamaliza kufunguka.

Mama aliinuka kigodani, jambo ambalo lilimchukua muda. Taulo alilokuwa amelikunja nusu aliliacha hivyo hivyo, nusu. Akaja mpaka karibu na kiti, akainua uso, kwa sababu sasa ilibidi atazame juu kidogo kuona matawi yanakoishia, kama alivyotazama siku ile yuko chini ya mvule na viatu vya shambani.

"Unataka nini, baba?" akauliza.

Naibu alijiangalia kwenye kioo. Kisha aliangalia kaunta chini ya kioo, ule ubao mmoja mpana, mweusi kwa mafuta na alama za vikombe. Alitoa mkono chini ya shuka akauweka juu yake, kidole chenye wino kikiwa kimelala kwenye nyuzi za mti. Kinyozi alishikilia msumeno ukiwa umeelekea sakafuni. Bwana Itifaki alifungua kinywa, mama akamwinulia kiganja, akakifunga.

"Nilitaka usikatwe, mama," alisema Naibu.